Ukumbi umeharibika, wanasema arubuni hairudishwi

*Shangazi, shikamoo. Zimebaki wiki saba tufunge ndoa. Ukumbi tuliuchukua mapema na tumeshalipa asilimia 60 ya bei: 20 ya arubuni, 40 ya awamu ya pili. Juzi meneja kapiga simu: bomba limepasuka, sakafu imefumuka, umeme umezimwa, na matengenezo hayatakwisha kabla ya siku yetu. Anatupa mambo mawili: tuhamie bustani yao ya nyuma, au tusogeze hadi Jumatano moja miezi minne mbele, kwa bei mpya. Nikidai pesa naambiwa mkataba umeandika arubuni hairudishwi. Mchumba wangu alishamjibu "sawa" kwenye WhatsApp, na hataki nifuatilie kwa kuwa mwenye ukumbi ni rafiki wa baba yake mdogo. Tunagombana kila siku. Nifanyeje?*
*Bi Harusi Mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo "sawa", maana ndiyo yenye haraka.

Fungua simu usome ilikuwa inajibu nini. Kama meneja aliandika "tumepata hitilafu, tutawasiliana", mchumba wako amethibitisha kupata habari tu. Lakini kama aliandika "basi tunawahamishia Jumatano", hiyo "sawa" inaweza kusomwa kwamba mmekubali kubadilisha mkataba, na aliyekubali tarehe mpya kwa hiari hupata tabu kudai fedha kwa sababu ya ile ya zamani. Kwa vyovyote vile, leo kabla hamjalala, itumwe kwenye mazungumzo yaleyale na kwa barua pepe: "Jibu letu la awali lilikuwa la kupokea taarifa. Hatujakubali bustani wala tarehe mpya. Tutawajibu kwa maandishi." Atume yeye, kwani ndiye aliyejibu. Kisha pigeni picha za skrini za mazungumzo yote, tangu siku ya kwanza, tarehe na saa zionekane.

Sasa arubuni. Kifungu cha "hairudishwi" kimewekwa kumlinda mwenye ukumbi na mteja anayeghairi baada ya wengine kukataliwa siku hiyo. Hapa mlioghairi si ninyi. Sheria za mahali pengi hazimwachii mtu malipo ya huduma ambayo mwenyewe ameshindwa kuitoa, hata neno hilo angeliandika kwa herufi kubwa na wino mwekundu. Angalia pia hesabu yao: arubuni ni ile 20 peke yake. Zile 40 ni sehemu ya bei, na kuziingiza chini ya jina la arubuni ni ujanja wa kawaida sana katika biashara hii.

Katika mkataba tafuta vifungu vingine viwili: kinachosema mwenye ukumbi akishindwa itakuwaje, na kile cha matukio yasiyozuilika. Watakimbilia hicho cha pili. Kisome neno kwa neno. Kikitaja moto, mafuriko na amri ya serikali, bomba chakavu la ndani ya jengo halimo.

Ndiyo maana muulize kwa maandishi: bomba lilipasuka lini, kwa sababu gani, mara ya mwisho lilikaguliwa lini, na fundi amesema kazi itachukua siku ngapi. Jibu ndilo litakaloamua unadai kiasi gani. Mwaka 1863, katika kesi ya Taylor dhidi ya Caldwell huko Uingereza, ukumbi wa muziki uliokuwa umekodiwa uliteketea kabla ya tamasha la kwanza bila kosa la yeyote. Mahakama ikaamua pande zote mbili hazifungwi tena na mkataba, na waliokodi hawakupata fidia. Ilipofika 1943 Waingereza wakatunga sheria kwamba katika hali ya namna hiyo fedha zilizolipwa zirudishwe, ila mahakama inaweza kumwachia mpokeaji gharama za haki alizokwisha kuingia. Kwa hiyo wakikuambia "tumeshatumia hela yenu", uliza kwa ajili ya nini na uone risiti. Kulipa mishahara ya kila mwezi si gharama ya harusi yako.

Kama chanzo ni uzembe, unadai fedha zako zote pamoja na hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjika kwa mkataba: kuchapisha kadi upya, malipo ya mpambaji asiyeweza kuhama, na tofauti ya bei ukilazimika kuchukua ukumbi mwingine wa hadhi ileile. Ukichukua ukumbi wa hadhi ya juu zaidi, nyongeza hiyo utailipa mwenyewe. Na hasara lazima uonyeshe ulijaribu kuipunguza. Waandikie mpambaji, mpishi, mpiga picha na mshereheshaji uwaulize kama watasogeza bure, na utunze majibu yao. Anayekaa kimya gharama zipande kisha akapeleka bili nzima hupunguziwa.

Bustani hamlazimiki kuichukua. Mlikodi ukumbi wenye paa. Mkiipenda, bei ishuke, na iandikwe ni nani analipia hema, taa na jenereta. Hapo ndipo watu hushtuka wiki ya mwisho.

Tarehe mpya ni suala la hiari yenu pia. Kabla ya kuikubali, hakikisheni watoa huduma wengine wapo siku hiyo. Mkikubali, msitie saini bila haya: bei ya zamani, malipo yote kuhamishiwa huko, saa zilezile na idadi ileile ya viti, na kwamba ukumbi usipokuwa tayari siku 30 kabla, mtarudishiwa fedha zote ndani ya siku saba. Kuwapandishia bei ya siku waliyoichagua wao sioni msingi wake, tena Jumatano, siku ambayo kumbi nyingi hukaa tupu.

Mkiamua kuchukua fedha, barua iwe fupi: tarehe ya mkataba, kiasi mlicholipa na lini, sababu waliyotoa, kiasi mnachodai kwa mchanganuo, namba ya akaunti, na siku 14 za kulipa. Nakala moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, mbaki nayo. Kama mlilipa kwa kadi, nenda benki sambamba na barua uombe muamala upingwe. Kadi nyingi huhesabu siku 120 tangu siku huduma ilipotakiwa kutolewa, lakini benki nyingine ina masharti makali zaidi, hivyo usingoje. Bima ya harusi husaidia kama mliikata kabla ya bomba kupasuka. Siku 14 zikipita kimya, nenda ofisi ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo, ambako kesi nyingi za namna hii huendeshwa bila wakili.

Kuhusu mchumba wako: sidhani anamtetea mwenye ukumbi, anaogopa aibu ya ukoo. Basi huyo baba mdogo mpeni kazi. Aipeleke barua yeye mwenyewe, aseme vijana wanaomba mambo yaishe kwa heshima. Ila asikubali lolote kwa mdomo kwa niaba yenu, na mchumba wako ndiye amwambie hivyo, si wewe. Ninyi wawili kaeni leo mjibu swali moja tu: mnataka tarehe au mnataka ukumbi? Mkitaka tarehe, anzeni kutafuta ukumbi mwingine kesho asubuhi, wiki saba si nyingi.

Na wakija na karatasi ya "sina madai zaidi", isainiwe baada ya fedha kuonekana kwenye akaunti. Hundi mkononi bado si fedha.