Swali la lugha: ulimi wenye meno, na jongoo asiyehusika

Msomaji wa Tanga kaniuliza: “Mwalimu, jongoo bahari ana ulimi wenye meno, wataalamu wanauita radula, je kwa Kiswahili tuuiteje?”

Ngoja kwanza. Jongoo bahari gani huyo? Jongoo bahari ni yule anayelala mchangani kama soseji, wanamkausha wanampeleka China, ndugu yake ni kiti cha pweza, na hana radula wala ndoto ya radula, anajichotea mchanga na mabaki kwa vijimkono vya mdomoni basi. Unayemtaka wewe ni konokono wa baharini asiye na gamba, jamaa wa pweza. Hii tabia ya kila kitu laini kinachotambaa baharini kuitwa jongoo imenichosha jamani, naikuta kwenye manukuu ya video, naikuta hadi kwa walimu wa bayolojia, mtu akiona kitu kinateleza tu, jongoo! Kwenye msafara wa mamba kenge wamo, sawa, lakini bado tunawaita kenge.

Haya, radula. Ni Kilatini, kitu cha kukwarulia, yaani mbuzi ya nazi kabisa. Ila badala ya kile chuma kimoja weka utepe wenye safu kwa safu za vimeno, vya mbele vikilika vya nyuma vinasogea, na nazi haiji kwenye mbuzi, mbuzi ndiyo inaifuata nazi, kama nazi yenyewe ni sponji hivi, yule mnyama wa baharini anayekaa palepale. Elysia, mmoja wa konokono hao wasio na gamba, yeye hakuni, ana safu moja tu ya vimeno, anatoboa mwani na kufyonza maji yake kama mtu na dafu, na vimeno vilivyochoka hatemi, anavihifadhi kwenye kifuko. Halafu kuna vibogoyo kati ya konokono haohao. Dendrodoris hana jino hata moja, anailainisha sponji kwanza ndio aifyonze, na Melibe anafungua mdomo mpana anaufunika juu ya viduduvidudu vya jamii ya kamba kama mvuvi na kimia. Hao nao mtasema wana ulimi wenye meno?

Kwa hiyo sema radula tu, mbona betri na kamera tulizimeza bila maji. Ukimwelezea bibi, sema ulimi wa kukunia. Ila usije ukaandika “ulimi wa mbuzi”, watakuletea supu.