Jibu: Bokanea kwenye chungu na sakitu ya Makete

Dada, pole kwa majani yaliyoungua ncha kwa sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi ya usiku, huko Makete mkoani Njombe. Umeuliza kama uifunike bokanea yako, huo mmea wa mapambo wenye shina lililovimba chini, kwa nailoni mpaka Agosti iishe. Nailoni hapana, ikigusa majani baridi inapenya palepale, na unyevu unabaki ndani. Tumia shuka au kiroba: funika jua likikaribia kuzama, funua asubuhi likishachomoza.

Ila kikubwa hasa ni maji. Asili ya mmea huu ni sehemu kavu za Meksiko, na kile kitako kilichovimba ndicho ghala lake. Miezi hii ya kipupwe karibu usimwagilie kabisa, maana udongo wenye majimaji kwenye baridi huozesha kitako. Kibonyeze kwa kidole. Kikiwa kigumu, usihangaike na majani; yatachipua mengine. Kikibonyea, hapo ndipo pa kuogopa.

Chungu kiinue kwenye sakafu ya saruji, kikae juu ya ubao, barazani kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai jua letu linapita upande huo. Usiku anga likiwa safi na upepo umetulia, tafadhali kiingize ndani, hata kama kizito. Ncha zilizokauka usizikate kabla ya Septemba.