Mbwa Wangu Mdogo Anampanda Mkubwa Kila Siku, Nifanyeje?

SWALI: Habari dada, naomba unisaidie maana nimechoka. Nina mbwa wawili wote madume, Simba ana miaka 7 na Jeki ana miezi 11, hawajahasiwa. Zamani walikuwa wanaelewana vizuri tu, sasa huu mwezi wa pili kazi ya Jeki ni kumpanda Simba, tukifungua banda jioni anaanza, mgeni akigonga geti anaanza, juzi kaja mama mkwe ikabidi nimuingize ndani haraka haraka asione. Kijana wa kazi anamchapa na fimbo lakini wapi. Majirani wanasema mbwa wameharibika niwatoe tu. Na Simba wangu siku hizi hata kula anakula huku anaangalia nyuma. – Mama Wawili, Tegeta

JIBU: Mama Wawili pole sana, ila kwanza nikutoe hofu, mbwa wako hawajaharibika. Dume kumpanda dume ni kawaida kabisa, majike nao wanapanda, waliohasiwa wanapanda, hata vitoto vya wiki chache ukiviangalia vikicheza utaviona vinapandana. Na sio lazima iwe ubabe kama watu wanavyosema, mara nyingi ni msisimko umemjaa hajui aupeleke wapi.

Hebu soma tena barua yako. Tukifungua banda jioni, mgeni akigonga geti. Yani huyu ni kijana ndio kwanza anabalehe, mchana kutwa kafungiwa na joto la Dar lile, hana cha kufanya wala cha kutafuna, saa 12 jioni mlango unafunguliwa halafu tunategemea atoke kwa adabu? Hapa ndipo panaponiuma, maana nyumba nyingi mbwa tumemfanya kengele ya geti tu, tunasahau ana mwili unaotaka kukimbia. Kwa hiyo kabla ya chochote, Jeki atembezwe na kamba asubuhi kabla jua halijawaka, nusu saa hivi, anuse anuse achoke. Jioni Simba afunguliwe kwanza, anywe maji akae sehemu yake, ndio Jeki afuate. Na bakuli za chakula ziwe mbalimbali.

Halafu mkazie macho Jeki, maana huwa hapandi ghafla. Atanusa sikio la mwenzake, atalamba shingo, kisha ataweka kidevu juu ya mgongo wa Simba mkia umekaza. Hapo kwenye kidevu ndio pa kuingilia, akishapanda umechelewa. Mkiwepo mfunge kamba nyepesi ya mita 2 awe anaiburuza, mwite kwa sauti ya kawaida, akija mpe dagaa mmoja au kipande cha utumbo, asipokuja shika kamba mtoe taratibu. Akirudia rudia mpeleke akapoe dakika 5 peke yake bila kelele. Mkiondoka kamba itolewe, asije akajinyonga.

Fimbo iishe leo, mwambie huyo kijana. Mimi nilikuwa na dume wa hivyo hivyo, nikawa namrushia kandambili, akaacha kupanda mbele yangu tu, nikigeuka anaendelea, mpaka siku mwenzake uvumilivu ukamuisha akamng'ata sikio likachanika. Najuta mpaka leo. Mbwa akipigwa kila akimsogelea mwenzake anajifunza kwamba mwenzake ndio balaa, na hapo ugomvi hauko mbali.

Kuhasi inasaidia kwa wengi ila sio wote, na sio siku hiyo hiyo, homoni zinapungua taratibu na ile tabia aliyoizoea utaendelea kumrekebisha. Wiki za mwanzo anaweza bado kumpa jike mimba kwa hiyo asikae na majike. Kubweka getini hakutaisha, hilo usiogope. Uliza pia kama jirani ana jike, maana jike huingia kwenye joto, yani hutaka dume, kama mara 2 kwa mwaka, wiki 3 hivi kila mara, na harufu inavuka ukuta inawafikia madume wote wa mtaa.

Kwa daktari wa mifugo wapeleke wote wawili. Jeki akiwa anajilamba sana sehemu zake au anakojoa kidogo kidogo inaweza kuwa UTI, na Simba naye aangaliwe huko nyuma, wakati mwingine mbwa akiwa na maambukizi harufu yake inabadilika wenzake wanamng'ang'ania. Hapo hapo ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa kama haijarudiwa mwaka huu.

La mwisho ni kuhusu Simba. Akinguruma usimkaripie hata siku moja, anasema sitaki, na ukimnyamazisha kinachofuata ni meno. Mtengee kona yake, hata nyuma ya jiko, Jeki asifike huko, ili mzee wa watu ale mpaka amalize bila kuangalia nyuma.