Maswali na majibu: Kuunganisha metali kwa baruti

Swali: Fundi, mashine yangu ya kuchomelea inashindwa kuunganisha alumini na chuma. Ni kweli baruti inaweza?

Jibu: Ni kweli, na mashine yako haina kosa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, chuma karibu 1,500. Zikiyeyuka pamoja huzaa mchanganyiko unaovunjika kama kioo. Baruti haisubiri ziyeyuke. Bamba moja hulazwa chini, la pili huinuliwa juu yake kwa milimita chache, kisha juu hutandazwa baruti, mara nyingi amonia naitreti iliyochanganywa na mafuta. Mlipuko huanzia upande mmoja na kukimbia kilomita 2 hadi 3 kwa sekunde, ukilibamiza bamba la juu kwa mshazari. Pale yanapokutana, utando wa oksidi (tabaka jembamba linaloota juu ya metali kwa sababu ya hewa) na uchafu hufyatuliwa mbele na kutoka. Hapo ndipo penye siri yote: metali safi imeshindiliwa kwenye metali safi, na hakuna kitu kati yake.

Swali: Kwa hiyo hakuna joto?

Jibu: Lipo, ila ni la kupita. Kata kiungo, king'arishe, ukitazame kwa hadubini: mara nyingi utaona mawimbi yaliyopangika vizuri ajabu. Kwenye mikunjo yake huwa na vidoa vilivyoyeyuka. Baruti ikizidi, vidoa huongezeka na kiungo hudhoofika.

Swali: Inatumika wapi?

Jibu: Kwenye meli zenye kiwiliwili cha chuma na vyumba vya juu vya alumini, na kwenye matangi ya kemikali ya chuma yaliyovikwa metali ya titani. Marekani ilipoondoa fedha kwenye sarafu za senti 10 na 25 mwaka 1965, kampuni ya DuPont iliunganisha kwa baruti sehemu ya mabamba ya mwanzo ya shaba na nikeli.

Swali: Naweza kujaribu karakanani?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, tafadhali usijaribu. Kazi hii hufanywa na wenye kibali, mbali na watu, pengine ndani ya mgodi uliofungwa. Nunua vipande vilivyokwisha kuunganishwa: alumini uichomelee upande wa alumini, chuma upande wa chuma. Hakikisha mahali metali hizo mbili zinapokutana hapapiti nyuzi joto 300 hivi. Fuata kiwango cha mtengenezaji, na upumzishe kazi kila baada ya mstari mfupi.