Ukienda kwenye theluji kwa ajili ya shughuli, sema tangu mwanzo

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha safari ya kwenda kuteleza kwenye theluji Lesotho tulianza watu kumi na wanne, na ni mmoja tu aliyewahi kuvaa mbao za skii miguuni. Huyo ndiye aliyeghairi wa kwanza. Tukabaki sisi wa Sinza, Tabata na Mbagala, ambao theluji tunaijua ya kileleni Kilimanjaro, tena kwa dirisha la ndege, ukibahatika kukaa upande wake. Mwisho wa yote tulienda sita. Tangu turudi, haipiti wiki bila mtu kuniuliza tulifanyaje, na nimechoka kurekodi sauti za dakika nane nane.

Kilichotuokoa ni swali la shemeji yangu kwenye kikao cha pili. Tulikuwa tunabishana tarehe, huyu anataka Juni, yule Julai, ndipo shemeji akaweka soda yake chini akauliza, "Jamani, tunaenda kuteleza au tunaenda kwenye shughuli?" Watu wakatazamana. Kisha mmoja akacheka, na jibu likajulikana: shughuli, yaani sherehe.

Usidharau swali hilo. Mtu anayetaka kujifunza skii kwa dhati aende katikati ya msimu, baridi ikiwa kali na theluji ikiwa imara kutwa nzima. Anayetaka shughuli aende siku za mwisho. Jua limeanza kuwa na nguvu, watu wanateleza na fulana, wengine wamevaa mavazi ya vichekesho, na hata wafanyakazi wa mlimani wana furaha ya watu wanaokaribia kufunga shule. Kuteleza kunakuwa kisingizio. Sisi tulikubali hivyo mapema, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kununa kwamba theluji ni chache.

Maana ilikuwa chache kweli. Tulikwenda Afriski, kituo cha skii cha Lesotho, wiki ya mwisho ya Agosti. Msimu wao kwa kawaida huanza Juni na kuisha mwishoni mwa Agosti, na theluji nyingi hutengenezwa na mashine zinazorusha maji usiku yakaganda. Usitegemee milima myeupe kila upande kama kwenye kalenda. Utakuta milima ya rangi ya kahawia, nyasi zimekauka, na katikati ukanda mmoja mweupe wenye urefu wa kilomita moja hivi, kama shuka iliyoanikwa mlimani. Binamu yangu alishuka kwenye gari, akatazama, akasema, "Ndiyo hii?" Saa nne baadaye huyo huyo alikuwa anagombania nafasi ya kupiga picha.

Kwa nini Lesotho? Kwa pasipoti ya Tanzania hatukuhitaji viza, si ya Afrika Kusini wala ya Lesotho. Unaruka kutoka Dar hadi Johannesburg kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, unakodi gari, na wanaendesha kushoto kama sisi. Hakikisha pasipoti ina kurasa mbili tupu. Na kabla ya kulipia tiketi, wasiliana na wenye mlima wakuthibitishie siku ya kufunga kwa mwaka huo, kwa sababu jua likizidi, theluji haisubiri tiketi yako.

Sasa pesa, ambako ndiko safari nyingi za marafiki hufia. Ushauri wangu: iendesheni kama kamati ya harusi, ila bila mwenyekiti wa maneno mengi. Tulianza kuchanga Oktoba, laki mbili na nusu kila mwezi kwa miezi kumi, kwenye kikundi cha M-Koba, ili hela isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Mweka hazina wetu ni dada anayefanya kazi ya hesabu, hana aibu. Tarehe tano ikipita hujatoa, jina lako linawekwa kwenye kikundi na alama ya saa. Watu saba walichujwa na alama hiyo kati ya Novemba na Machi, na kila mmoja alirudishiwa chake. Ilikuwa afadhali wajitoe wakati huo kuliko wajitoe Agosti, nyumba na gari vimeshalipiwa kwa hesabu ya watu kumi na wanne. Kwa hiyo usilipe kitu chochote kinachogawanywa kwa vichwa hadi vichwa vitulie.

Nguo msinunue dukani. Narudia, msinunue dukani. Majaketi ya skii yanaingia nchini kila siku kwenye mabelo ya mitumba, na anayeyanunua ni kijana wa bodaboda, anayavaa alfajiri kukinga upepo wa Barabara ya Morogoro. Nenda Ilala au Karume asubuhi wakati wanafungua belo, useme unataka jaketi la bodaboda, lile zito. Nililipata moja la bluu lenye mifuko sita, na kwenye mfuko mmoja kulikuwa na tiketi ya zamani ya mlima fulani wa Ulaya, kamba yake bado imefungwa kwenye zipu. Suruali zisizopitisha maji ni ngumu zaidi kupatikana, anza kuzitafuta mapema. Viatu, mbao na kofia ngumu utakodi kule kule. Unachopaswa kubeba ni soksi ndefu za kuvuka ugoko, maana viatu vile vinabana kama deni, na glovu jozi mbili, kwa sababu ya kwanza italowa.

Miwani ya jua nayo isiwe ya kupamba. Mlimani mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni kwako, kutoka chini, pale ambapo kofia haikusaidii. Tulijidanganya kwamba weusi wetu unatosha. Siku ya pili midomo yangu ilipasuka, na pua ya shemeji ikaambuka kama kitunguu. Pakeni mafuta ya kukinga jua, mpaka chini ya kidevu na ndani ya masikio.

Njia tuliyopita: Johannesburg hadi Clarens, mji mdogo wa Free State wenye miamba ya rangi ya dhahabu, tukalala hapo. Asubuhi tukavuka mpaka wa Caledonspoort, tukapita Butha-Buthe, tukaanza kupanda Moteng. Gari la kukodi lazima liwe na barua ya kampuni inayoliruhusu kuvuka mpaka. Iombe unapoweka oda, si siku ya kuchukua funguo. Na barabara ile ya Moteng si ya kuendesha usiku. Ina kona za kurudi nyuma kama utumbo, na asubuhi kwenye vivuli kuna barafu nyembamba usiyoiona. Kwenye vijiji vya chini mipichi ilikuwa imeanza kutoa maua ya rangi ya waridi, wachungaji wamejifunga mablanketi yao mazito, na sisi ndani ya gari tunabishana nani alale kiti cha mbele. Salimieni watu: "Lumela, ntate" kwa baba, "Lumela, mme" kwa mama. Utashangaa maneno yanavyokaribiana na yetu. Nama ni nyama, batho ni watu. Kwa maneno hayo mawili tulipata chakula cha mchana.

Kulala Clarens hakukuwa kwa ajili ya kupumzika tu. Afriski iko juu ya mita 3,000, na kilele cha mteremko ni mita 3,222. Kwa aliyepanda Kilimanjaro, hapo umeshapita kambi ya Mandara, iliyo mita 2,720. Wewe umetoka Dar, usawa wa bahari, jana. Kichwa kitauma, pumzi itakatika kwa kupanda ngazi tu, na usingizi utakuwa wa vipande vipande. Ukiona mtu anatapika, anayumba au anaongea ovyo hali hajanywa, usimwambie alale atapona, mshushe chini.

Na pombe. Wawili kati yetu hawanywi, na ndio waliofurahi zaidi siku ya kwanza, kwa sababu sisi wanne tulifika saa nane mchana, tukasikia muziki, tukakaa kwenye baraza tukaagiza bia za Maluti za baridi kana kwamba tuko ufukweni Kidimbwi. Bia mbili juu ya mita 3,000, tumbo tupu na mwili uliokauka maji, zinafanya kazi ya nne. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumelala. Shughuli ya usiku ilianza saa mbili. Hatukuiona.

Kuanzia kesho yake tukaweka utaratibu, na huu ndio ninaowapa watu wote. Theluji ya mwisho wa msimu ina saa zake. Usiku inaganda, kwa hiyo saa tatu asubuhi ni ngumu kama sakafu na mbao zinapiga kelele. Mwanafunzi ukianguka hapo utaumia. Kuanzia saa nne na nusu jua linailainisha juu, inakuwa kama sukari, na hapo hata asiyejua anajiona anajua. Hiyo ndiyo saa ya kuchukua somo. Ikifika saa saba inageuka uji, mbao zinanasa, magoti yanajipinda. Toka. Walioumia siku zile niliwaona wakiumia mchana, wamechoka, wanasema "ya mwisho, ya mwisho". Kwa hiyo: chai nzito asubuhi, mlima saa nne na nusu hadi saa saba, chakula cha moto, maji lita nzima, halafu baraza. Anayeanza kunywa amerudisha mbao kwanza. Hilo halina mjadala.

Mwalimu chukueni, msijifundishe kwa video. Somo la kwanza ni kuweka mbao umbo la kipande cha pizza ili usimame, na mwalimu wetu alilipiga kelele neno hilo, "Pizza! Pizza!", mpaka binamu yangu akapita mbele yake kwa kasi, mbao zimenyooka, akijibu, "Naijua! Naijua!" Alisimamishwa na wavu.

Shughuli yenyewe inaanza alasiri, jua likiwa bado kali. Baraza linajaa, viatu vya skii vimefunguliwa vifungo, amapiano inapigwa, na watu waliotoka Johannesburg na Durban wanacheza na viatu vile vya kilo nyingi kana kwamba ni raba. Siku ya mwisho mtu mmoja alishuka mteremko mzima amevaa shela la bi harusi. Sisi tulikuwa na khanga. Huo ulikuwa mpango wa dada mweka hazina: kila mmoja alibeba khanga mbili, tukajifunga kiunoni juu ya suruali za mitumba. Hakuna kitu kilichotupatia marafiki haraka kama zile khanga. Watu walikuja kuuliza maandishi yanasemaje, tukawa tunafasiri vijembe kwa Kiingereza cha kubahatisha. Mbili zilibaki Lesotho. Bebeni za ziada.

Jua likizama, baridi inarudi kwa hasira, nyuzi chini ya sifuri. Fulana iliyolowa jasho inakuwa adui. Uwe na nguo kavu karibu, na hapa naingia kwenye kosa letu kubwa: nyumba. Tuliona ya bei nafuu mtandaoni, mwenyewe akatuhakikishia ni dakika kumi kutoka mlimani. Ilikuwa dakika hamsini, kwa barabara ile ile ya kona, kwa hiyo usiku wa pili mmoja wa wale wasiokunywa alilazimika kukaa bila kufurahia ili atuendeshe, na saa tatu usiku tukaondoka watu ndio wanaingia. Usiku wa tatu tulilipa zaidi, tukalala pale pale mlimani, watatu chumba kimoja, na ndio usiku tunaousimulia. Kwa safari ya shughuli, punguza siku, usipunguze ukaribu. Usiku tatu unaotembea kwa miguu kwenda kulala ni bora kuliko sita za kuendesha.

Jambo dogo la fedha: randi ya Afrika Kusini inapokelewa Lesotho, randi moja sawa na loti moja, sarafu ya kwao, lakini loti ukivuka nayo kurudi Afrika Kusini watakutazama tu. Zimalizie kwenye mafuta ya gari.

Wapo wanaoniuliza kuhusu Ulaya. Shughuli za kufunga msimu kule ni Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, wakati Dar tuko kwenye masika. Ischgl, Austria, hufunga msimu kwa tamasha kubwa juu mlimani kwenye mita 2,320, na Val Thorens, Ufaransa, iko juu kiasi kwamba theluji inadumu hadi mwisho. Kwenye milima mingi kunakuwa na mchezo wa kuteleza kwa kasi na kujaribu kuvuka bwawa la maji baridi, wengi wanazama, watu wanashangilia. Lakini hesabu viza ya Schengen, ada euro 90 tangu Juni 2024, bima ya angalau euro 30,000, na ombi unaweza kulipeleka hadi miezi sita kabla. Kamati yetu ilipofika kwenye taarifa za benki za miezi kadhaa, watu waliinamia sahani zao. Labda mwakani. Aliyeghairi wa kwanza amesharudi kwenye kikundi, anatoa maoni.

Jaketi la bluu nilimpa kijana wa bodaboda wa kituo chetu, Sinza Mori, analivaa kila alfajiri. Juzi amenipeleka kazini, tulipofika akaniuliza safari nyingine ni lini. Nikamwambia Agosti, Mungu akipenda. "Basi safari hiyo, bosi," akasema, "nitunzie na suruali."