Mashine Nzito, Banda Dogo: Ziwekee Magurudumu

Msomaji mmoja wa Mbeya ameniandikia juzi: "Kaka, nimenunua msumeno wa meza na thiknesa (mashine ya kusawazisha unene wa mbao), lakini nikiziingiza zote bandani mbao hazipiti. Nihame?"

Usihame. Kodi ya banda kubwa itakumaliza kabla hujamaliza kitanda cha kwanza. Mashine ziwekee magurudumu.

Tatizo lako nalijua kwa sababu ndilo langu. Nafasi inayoliwa na mashine si pale ilipokanyaga, ni urefu wa mbao inayopita. Ubao wa mninga wa futi 10 unataka futi 10 kabla ya msumeno na futi 10 baada yake, na banda langu hapa Keko, Dar es Salaam, lina futi 16 tu toka ukuta wa nyuma hadi mlangoni. Kwa hiyo asubuhi tunausogeza msumeno karibu na mlango, ubao unaanzia ndani na kutokea uani. Jioni unarudi kona yake, tunapiga kufuli. Thiknesa nayo inatoka ikihitajika tu.

Nilipoanza, mafundi wenzangu walicheka mpaka basi. Msumeno wangu wakaupachika jina la Bajaji, na mzee mmoja akasema mbele ya mteja wangu kwamba mashine isiyochimbiwa sakafuni ni kichezeo. Mteja yule sikumwona tena, na neno lile mpaka leo halijanitoka. Mwaka huu mzee huyohuyo amemtuma kijana wake na futi kamba aje kupima fremu yangu, ile ya chuma yenye magurudumu inayobeba msumeno. Mwenyewe hakuja. Nikampa kijana vipimo vyote na chai juu.

Fremu zinazoagizwa nje zipo, na ni nzuri, zina hadi pedali ya kunyanyulia, lakini ukitajiwa bei utauza randa. Yangu kaitengeneza fundi wa kuchomelea kwa engo, yaani chuma cha pembe, ya inchi 2. Alitaka kuweka magurudumu chini ya fremu, nikamkatalia. Gurudumu la inchi 4 pamoja na shingo yake, kile chuma kinacholishika na kugeuka nalo, linainua meza ya msumeno kama inchi 5, na kijana wangu ni mfupi, angesukuma mbao usawa wa kifua. Mwambie fundi achomelee masikio pembeni, magurudumu yakae huko, fremu yenyewe ibaki unene wa kidole tu juu ya sakafu.

Kwenye magurudumu ndipo watu wanapoibiwa. Duka moja lilinihakikishia kila moja linabeba kilo 100. Plastiki ikapasuka wiki ileile na hela hawakurudisha. Sasa hesabu napiga mwenyewe: uzito wa mashine na fremu gawa kwa 3, usigawe kwa 4, maana sakafu zetu hazijanyooka na gurudumu moja mara nyingi linaelea. Mzigo wa kilo 240 unataka magurudumu ya kilo 80 kila moja, na uongeze kidogo. Yasipungue inchi 4. Madogo yanakwama kwenye nyufa na maranda. Mpira laini ukikaa na mzigo miezi mingi unabonyea upande mmoja, mashine inatembea ikidunda. Nailoni inasukumika vizuri ila kelele zake! Mimi nanunua ya poliurethani, plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo kama mpira, kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani hapa Dar, hata yaliyotumika.

Na hapa ndugu zangu nasema bila kupepesa macho: usipasue mbao mashine ikiwa juu ya magurudumu. Breki inazuia gurudumu kuviringika, lakini shingo inaendelea kucheza, na ubao ukibana kwenye bledi unarudi kukupiga tumboni. Chomelea nati kila pembe ya fremu, pitisha boliti ya milimita 12, kaza kwa spana 19 hadi magurudumu yaachie sakafu. Vijana mnapiga picha na mashine mpya mnatupia mtandaoni, boliti hamkazi. Sote tunataka viwanda, sawa, ila vidole havina spea. Kazeni boliti.

Umeme uchomolewe kabla ya kusukuma. Mwenye mashine ya fezi tatu akihamia soketi nyingine, awashe na kuzima kwanza bila mbao aone mota inazunguka upande gani. Fezi mbili zikibadilishana nafasi inazunguka kinyume. Bendisoo, ule msumeno wa utepe uliosimama, uzito wake uko juu, kwa hiyo fremu yake ipanuliwe kuliko kitako chake, na anayeisukuma ashike chini, asivute kichwa.

Kaka wa Mbeya, nitumie vipimo vya miguu ya hizo mashine mbili na uzito ulioandikwa kwenye kibati, nikuchoree fremu. Niambie pia kama mlango wako una kizingiti, maana hapo itabidi ukate plaiwudi ya milimita 18 iwe njia ya kupandishia.