Ukiitoa California: hesabu sahihi, hoja mufilisi

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Houston, Texas, na nimepata uraia wa Marekani mwaka jana. Shemeji yangu ametuma video kwenye kundi letu la WhatsApp. Inadai kuwa mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa jumla ya kura kwa sababu ya California tu. Ukiitoa California, Trump alishinda hata kura za wananchi. Nimepiga hesabu mwenyewe, naona ni kweli. Nimjibu nini?

JIBU: Kwenye hesabu mwache, hajakosea. Nchi nzima Clinton alimzidi Trump kwa kura milioni 2.9 hivi, California peke yake alimzidi kwa takriban milioni 4.3. Toa, utabaki na Trump akiongoza kwa milioni moja na ushei. Muulize tu kwa nini itolewe California isitolewe Texas. Akipata jibu, aniletee na mimi.

Video hiyo naijua. Hurudi kila uchaguzi kama mafua ya msimu wa baridi. Kinachoniudhi hasa ni kwamba upande wa pili nao wana yao: "Zingehesabiwa kura za wananchi, Clinton angekuwa rais." Kosa ni lilelile. Kura zimepigwa kwa kanuni moja, mtu anazipima kwa kanuni nyingine. Mfuasi wa Republican, chama cha Trump, aliyeko Los Angeles anajua jimbo lake limeshakwenda kwa Democratic, chama cha Clinton, hivyo siku ya kura huenda asihangaike kupanga foleni. Wa Democratic hapo kwenu Houston vilevile, maana chama chake hakijachukua Texas tangu Jimmy Carter mwaka 1976. Kura zote zingeingia kapu moja, watu hao wangetoka, na wagombea wangekuja kuwabembeleza. Nani angeshinda? Anayedai anajua anakupigia ramli.

Wewe umetoka kwenye nchi ambayo kura ya Mandera na ya Likoni hujumlishwa pamoja kwenye ukumbi wa Bomas, Nairobi, ndiyo maana jumla ya nchi nzima unaiona kama matokeo. Marekani haina Bomas. Kila jimbo huhesabu na kuthibitisha kura zake, na hakuna tume ya taifa inayomtangaza rais kwa jumla hiyo. Ni chaguzi 51, ukihesabu na Washington, D.C., zinazofanyika siku moja. Zinazaa wajumbe 538, ambao ndio wanaomchagua rais, na mshindi anahitaji 270. (Kundi hilo kwa Kiingereza ni Electoral College. Wanaoandika "chuo cha uchaguzi" wanapotosha watu, hakuna anayesomea chochote pale.)

Ukiacha Maine na Nebraska, anayeongoza jimbo huchukua wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Ndipo California inapoeleweka. Wakati ule ilikuwa na wajumbe 55. Clinton angeshinda pale kwa kura moja angepata 55, na kwa milioni 4.3 alipata hao hao 55. Zilizozidi hazikuvuka mpaka kumsaidia kwingine. Trump naye alishinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ambayo, ukiijumlisha ya majimbo yote matatu, haifiki kura 78,000. Akabeba wajumbe 46, na urais ukaenda nao.

Kwa hiyo mchambuzi akikuonyesha asilimia za nchi nzima tu na kukwambia nani atashinda, mdai takwimu za majimbo yenye ushindani. Akikosa, funga simu. Wamekuwa wengi, wengine wanauza hata "utabiri" kwa wanaobeti, na sijaona hata mmoja aliyewarudishia watu pesa zao.

Na wasikudanganye kwamba pengo kubwa la kitaifa linatosha. Mwaka 2020 Joe Biden aliongoza kwa kura zaidi ya milioni 7, akapata wajumbe 306 dhidi ya 232. Lakini Arizona, Georgia na Wisconsin alizichukua kwa tofauti ambayo kwa jumla haifiki kura 43,000. Angezikosa hizo tatu, wangefungana 269 kwa 269, na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, ambako kwa kazi hiyo kila jimbo lina kura moja. Hapo shemeji yako asingekuwa na haja ya kuitoa California. Katiba ingekuwa imeshaishusha hadi ikalingana na Wyoming, jimbo lenye watu wachache kuliko yote.